Swali la Chole: neno hili limetoka kwa nani?

Wiki hii sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikisoma taarifa ya habari ya jioni, nilitamka kwa sauti ya kujiamini kwamba Bunge limepiga marufuku aina fulani ya nyavu. Hakuna aliyepiga simu kunisahihisha, wala mhariri wangu hakusema neno. Aliyekuja kunisahihisha ni mzee mmoja mvuvi wa kisiwa cha Chole, wilayani Mafia, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukanyaga Dodoma.

Nilivuka kwa mashua kutoka Utende. Ghuba ya Chole ilikuwa imetulia, maji yamejaa, na upande wa pili kilionekana kisiwa cha Juani chenye magofu ya Kua. Nilimkuta mzee kivulini, anasuka dema. Baada ya shikamoo na marahaba akaniangalia sana, kisha akasema, "Sauti yako naijua, mwanangu. Si wewe uliyesema redioni Bunge limetukataza nyavu?"

"Ndiyo, mzee wangu, ni mimi."

"Bunge lilikaa lini likazungumza habari ya macho ya wavu?"

Nikanyamaza. Naye akaendelea, mkono haukomi kusuka. "Mimi sibishani na hifadhi. Baruti ilikuwa ikivunja matumbawe, na tuliichukia wenyewe kabla hajaja mtu wa kutufundisha kuichukia. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu. Neno hili limetoka kwa nani? Maana nikijua limetoka kwa nani, nitajua niende kwa nani."

Ndugu msikilizaji, nimesomea stashahada ya uandishi wa habari, na nimekaa mbele ya kipaza sauti kwa miaka mingi. Lakini swali la mzee yule lilinirudisha darasani. Sote tunalitaja Bunge kila siku. Je, tunajua lina mamlaka gani, na yanaishia wapi?

Tuanze mbali kidogo, kwani jambo la nyumbani huonekana vizuri zaidi ukilipambanisha na la jirani. Wamarekani waliandika Katiba yao katika mji wa Philadelphia mwaka 1787. Ibara ya kwanza kabisa ya Katiba ile ni ya Bunge lao, yaani Kongresi, lenye Baraza la Wawakilishi na Baraza la Seneti. Rais anafuata katika ibara ya pili. Na si kwa bahati mbaya. Watu wale walikuwa wametoka kupigana na mfalme, hawakutaka kujitengenezea mfalme mwingine.

Sehemu ya nane ya ibara ile ya kwanza inataja mamlaka ya Kongresi moja baada ya jingine, katika vifungu 18. Kutoza kodi. Kukopa fedha. Kusimamia biashara na mataifa ya nje na kati ya majimbo. Kutengeneza sarafu. Kuanzisha posta. Kuunda mahakama za chini. Kutangaza vita. Kuunda jeshi na kuligharimia. Kifungu cha mwisho kinaipa Kongresi uwezo wa kutunga sheria zinazohitajika ili kuyatekeleza mamlaka hayo. Kisichotajwa katika Katiba kwamba ni cha serikali ya taifa kinabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Sisi Katiba yetu ya mwaka 1977 imepangwa vingine. Sura ya Pili ni ya Serikali, na Bunge linakuja katika Sura ya Tatu. Tena ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais, na Wabunge. Naam, Rais ni sehemu ya Bunge, ingawa yeye si Mbunge. Hapo tumefuata mapokeo ya Waingereza, ambako mfalme ni sehemu ya Bunge lake.

Halafu ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Madaraka hayo yametajwa kwa majina. Kumuuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kujadili utekelezaji wa kila Wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo. Kutunga sheria pale utekelezaji unapohitaji sheria. Na kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa.

Nataka tulitazame hilo la mwisho kwanza, kwa sababu Mafia inalijua kuliko sehemu nyingi za nchi hii.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo. Mafia wakati ule ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Katika mkataba ule Waingereza waliahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani mwambao wa bara pamoja na kisiwa cha Mafia, naye alipwe fidia. Akalipwa mark milioni nne. Wajerumani nao walipewa kisiwa kidogo cha Heligoland, kilichoko katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, ambacho kilikuwa mali ya Waingereza.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa kuwa Heligoland ilikuwa ardhi ya Uingereza, Serikali ya huko ililipelekea Bunge lake muswada, na Bunge likaupitisha mwaka ule ule. Wakubwa wakajadiliana kwa kirefu iwapo Bunge lina haki ya kuulizwa juu ya kugawa ardhi, au ni jambo la mfalme na mawaziri wake peke yao. Kwa hiyo kisiwa cha Wazungu kilipelekwa bungeni. Watu wa Mafia hawakuwa na bunge la kuulizwa, na hata wakazi wa Heligoland wenyewe hawakuulizwa. Mvuvi wa Chole alilala chini ya Sultani, akaamka chini ya Kaisari.

Miaka 25 baadaye, Januari 1915, majeshi ya Waingereza yaliteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuisaka manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Vita vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaivua Ujerumani makoloni yake yote, Mafia ikiwemo. Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikuwa mmoja wa waliouandika. Aliporudi nyumbani alikuta mlango umefungwa. Katiba yao inasema mkataba hauwi mkataba mpaka theluthi mbili ya Maseneta waliohudhuria waukubali. Seneti ikaukataa Novemba 1919, ikaukataa tena Machi 1920. Marekani haikuingia kamwe katika Shirikisho la Mataifa, lile lile ambalo kwa jina lake Waingereza walikabidhiwa Tanganyika.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba mamlaka ya kuridhia mikataba si urembo wa Katiba. Ni kinga ya mtu asiyekuwapo mezani. Sisi nasi tunayo leo. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge letu liliridhia makubaliano baina ya Serikali yetu na ya Dubai kuhusu bandari, na nchi nzima ikabishana, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga vikali. Siingii katika ubishi ule. Ninachosema ni kwamba mwaka 1890 hapakuwa na wa kubishana naye.

Tugeukie sheria. Kongresi ikipitisha muswada, Rais wa Marekani anaweza kuukataa. Lakini theluthi mbili ya kila Baraza ikiupitisha tena, unakuwa sheria, apende asipende. Wasikilizaji wa rika la wazazi wetu watakumbuka mwaka 1986. Kongresi ilipitisha sheria ya kuiwekea vikwazo serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Rais Ronald Reagan akaikataa. Mwezi Oktoba Seneti ikaipitisha kwa kura 78 dhidi ya 21, baada ya Wawakilishi kufanya vivyo hivyo, na vikwazo vikawekwa. Sisi tuliokuwa nchi ya mstari wa mbele tulikuwa na sababu ya kushangilia.

Kwetu je? Ibara ya 97 inasema Rais akikataa muswada ataurudisha pamoja na sababu zake. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Ukifika hapo, Rais ana siku 21 za kuchagua: aukubali, au alivunje Bunge. Na akilivunja, kiti chake nacho kinakuwa wazi, wote wanarudi kwa wapiga kura. Rais wa Marekani hawezi kuivunja Kongresi hata akikasirika namna gani. Wetu anaweza, katika mazingira yaliyotajwa na Katiba, ila kisu hicho kina makali pande zote mbili.

Fedha ndiyo inayotenganisha zaidi. Marekani, miswada ya kodi lazima ianzie Baraza la Wawakilishi, na hakuna senti inayotoka hazina bila sheria ya Kongresi. Wasipokubaliana, ofisi za serikali hufungwa. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 zilifungwa siku 35. Kwetu kodi nayo haitozwi bila sheria, na bajeti haipiti bila Bunge. Lakini ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulika na muswada wa kutoza au kubadili kodi, au kutumia fedha za umma, mpaka Rais apendekeze na Waziri awasilishe. Na Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge wa Marekani anaweza kuandika yeye mwenyewe muswada wa fedha. Wa kwetu anaweza kukosoa, kushauri na kukataa, ila kijiko cha kupakulia kiko mkono mwingine.

Je, ina maana Bunge letu ni mbwa asiye na meno? La hasha. Novemba 2007 liliunda Kamati Teule, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Kamati ikasoma taarifa yake, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kamati yenyewe haikuwa na uwezo wa kumfukuza. Ilichokuwa nacho ni haki ya kuita watu, kudai nyaraka na kusema hadharani, na hiyo ilitosha. Katiba inakwenda mbali zaidi ya hapo: Bunge linaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye, na linaweza hata kumshtaki Rais na kumwondoa kwa theluthi mbili ya Wabunge wote. Marekani, mwaka 1868, Rais Andrew Johnson alinusurika kung'olewa kwa kura moja tu ya Seneti.

Basi turudi Chole, maana mzee anasubiri na dema lake linakaribia kwisha.

Sheria inayohusu maji yale ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994. Hiyo kweli ilitungwa na Bunge. Na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikaanzishwa, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, na Ghuba ya Chole ikiwa moyo wake. Tofauti na hifadhi nyingi za wanyama za bara, hapa watu hawakuhamishwa. Vijiji vilibaki ndani, na sheria yenyewe inataja kuwa wanakijiji washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kuendesha hifadhi. Hilo ni jambo zuri lililoandikwa na Bunge, na inafaa lisomwe kwa sauti mara kwa mara.

Lakini kumbuka pia Bunge lile lilikuwa la namna gani. Lilichaguliwa mwaka 1990, chini ya chama kimoja. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, ila uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuja Oktoba 1995, hifadhi ikiwa imekwisha anzishwa. Nguvu za Bunge lile hazikuwa ndogo. Mwaka huo huo wa 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, na Bunge likajibu kwa kuibadili Katiba yenyewe, kwa Sheria Namba 34. Theluthi mbili ni nyundo nzito.

Sasa, macho ya wavu yameandikwa wapi? Hapo ndipo nilipokosea. Bunge halikukaa kupima macho ya wavu. Ibara ya 97 inaliruhusu Bunge kumpa mtu au idara ya Serikali madaraka ya kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria. Bunge huweka nguzo na paa, halafu likamwachia Waziri kukandika kuta. Hifadhi ya Mafia inaendeshwa hivyo, kwa kanuni na mpango wa usimamizi unaogawa maji katika sehemu: pale pasipoguswa kabisa, pale panapovuliwa kwa zana zilizotajwa tu, na pale ambapo wakazi wenye kibali wanavua kwa upana zaidi. Mvuvi anapokatazwa juya, mara nyingi anakutana na kanuni au mpango. Sheria ya Bunge yenyewe iko nyuma, mbali kidogo.

Mtu atasema, kuna tofauti gani? Katazo ni katazo. Hapana, tofauti ni kubwa, na mzee wa Chole aliiona kabla yangu. Sheria ya Bunge haibadilishwi ila na Bunge. Kanuni aliyoitunga Waziri, Waziri anaweza kuirekebisha kesho. Kanuni ikienda kinyume na sheria iliyoizaa, mahakama inaweza kuitengua. Na Bunge halikukabidhi mamlaka yake likaenda kulala. Kanuni zinapaswa kuwekwa mezani Bungeni, Bunge lina uwezo wa kuzikataa, na ipo kamati yake ya kudumu inayopitia sheria ndogo. Wamarekani nao wana tatizo hilo hilo. Mwaka 1996 Kongresi ilijiwekea utaratibu wa kutengua kanuni za idara za serikali, kwa kuona zimekuwa nyingi kuliko sheria zenyewe.

Tena hapa sisi tuna jambo moja ambalo Mmarekani hana. Kwao Waziri haruhusiwi kuwa mjumbe wa Kongresi. Kwetu Waziri lazima awe Mbunge. Wapo wanaosema hilo linalidhoofisha Bunge, kwani anayesimamiwa anakaa na kupiga kura pamoja na wanaomsimamia. Sikatai. Lakini lina faida yake kwa mtu wa Chole: aliyetia saini kanuni amekaa mle ndani, na Mbunge wa Mafia anaweza kusimama akamuuliza uso kwa uso kwa nini wavu huu na si ule, samaki wameongezeka kwa kiasi gani, na kijiji kilishirikishwa lini na kwa kumbukumbu zipi. Waziri hana ruhusa ya kusema swali hilo halimhusu.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukiwa unanisikiliza huko Chole, jibu lako ni hili. Hifadhi yenyewe ni neno la Bunge. Aina ya wavu, kwa kawaida, ni neno la Waziri kwa madaraka aliyopewa na Bunge. Namna mnavyoshirikishwa ni haki yenu iliyomo ndani ya sheria, si hisani ya ofisa yeyote. Lako la macho ya wavu lianzie serikali ya kijiji, liandikwe katika muhtasari wa mkutano, lipelekwe kwa wenye hifadhi, na nakala apewe Mbunge ili aibebe Dodoma kama swali. Likiwa ni la kuifuta hifadhi au kuipunguza mipaka, hilo ni zito zaidi na linahitaji Bunge zima.

Sisemi kwamba ukifanya hivyo utashinda. Huenda Waziri akaleta takwimu zikaonyesha kuwa katazo lina maana, na watoto wako wakavua vizuri zaidi kwa sababu yake. Huenda pia ikaonekana kwamba kanuni iliandikwa na mtu asiyeijua bamvua wala maji mafu. Vyovyote itakavyokuwa, swali litakuwa limeulizwa mahali panapostahili, na jibu litaandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge kwa jina la aliyelitoa.

Nasi waandishi wa habari tuna letu la kujirekebisha. Tunasema "Serikali imetunga sheria", wakati Serikali huleta muswada. Tunasema "Bunge limekataza", wakati ni kanuni. Tunaona ni mambo madogo ya lugha. Lakini mtu aliyeelekezwa mlango usio wake atabisha hodi mpaka achoke, kisha atarudi nyumbani akiamini kwamba nyumba haina watu.

Wakati naagana naye mzee aliniuliza kama nitayasema haya redioni. Nikamwambia nitayasema, na kosa langu nitalitaja kwanza. Akacheka, akaliweka dema kwenye ngalawa, akasema maji yanaanza kutoka, hana muda zaidi.

Msikilizaji, hadi wiki ijayo, nakutakia kila la heri. Kwaheri.